Dan Crawford: Mskoti aliyefundishwa lugha na watu wa Bunkeya

Vijana wengi wa Kolwezi wanaojifunza Kiingereza juu ya kutafuta kazi kwenye makampuni ya mine wanajikwaa pahali pamoja. Si kwenye maneno makubwa ya mashini, wala ya shaba na kobalti. Ni kwenye vineno vidogo: to, for, from, at. Mtu anajua kusema kukimbia, anajua kusema mimi na wewe, lakini akiviunganisha, bosi anasikia kitu kingine kabisa.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, kijana mmoja aliyezaliwa katika Kiingereza alipaswa kupita njia hiyo hiyo, ila yeye alitokea upande wa pili. Jina lake Dan Crawford. Shule yake ilikuwa Bunkeya, ambayo leo iko katika teritware ya Lubudi, jimboni Lualaba.

Crawford alizaliwa munamo mwaka 1870 huko Gourock, mji mdogo wa Skoti kando ya mto Clyde. Baba yake alikuwa kapiteni wa meli, naye alikufa wakati Dan angali mtoto. Crawford hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1889, akiwa na miaka 18 tu, alipanda meli pamoja na mmisionere Frederick Stanley Arnot. Walishuka Benguela, kwenye pwani ya Angola, kiisha safari ikaendelea kwa miguu. Crawford alifika Bunkeya mwaka 1890.

Bunkeya ya wakati ule ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mkubwa wa Bayeke. Msiri alitoka kwa Wanyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, akajenga utawala wenye nguvu juu ya biashara ya shaba, pembe za tembo na watumwa. Wasafiri walikuwa wanatoka pande zote mbili za bahari. Kwa hiyo katika mji huo mmoja mtu aliweza kusikia Kiyeke, Kisanga, Kiluba na Kiswahili cha wafanyabiashara.

Crawford hakuwa wa kwanza kukaa hapo na daftari mkononi. Arnot alifika mwaka 1886, na mwenzake Charles Swan alimfuata mwaka 1887. Swan ndiye aliyetoa, mwaka 1892, maelezo ya kwanza juu ya namna lugha ya huko inavyojengwa. Lakini maelezo ya buku hayatoshi. Crawford alipaswa kuketi na watu, kusikia, kukosea na kurudia.

Ugumu ulikuwa wapi? Chukua mfano wa Kiswahili, maana Kiswahili na Kisanga ni ndugu. Sisi tunasema atatupikia. Hilo ni neno moja, lakini ndani yake mna yule anayepika, mna wakati unaokuja, mna sisi tutakaokula, mna tendo lenyewe, na mna ile i ndogo mbele ya mwisho inayosema kwamba anapika kwa ajili yetu. Mwingereza anatumia maneno matano: he will cook for us. Kila kipande kinasimama peke yake, kama nyumba tano zilizopangwa kando ya barabara. Kwetu, wote watano wanaishi katika nyumba moja.

Ukipoteza kipande kimoja, maana inageuka. Mtoto aliyenikimbia ametoroka mbali nami, pengine kwa woga. Mtoto aliyenikimbilia amekuja kwangu kutafuta ulinzi. Sauti moja ndogo tu inatenganisha woga na tumaini. Kiingereza kinafanya kazi hiyo nje ya tendo: ran from me ni kukimbia mbali, ran to me ni kukimbia kuja. Tendo ni lile lile, ni kineno cha kando ndicho kinachobadilika. Kisanga, sawa na Kiswahili, kinabeba kazi hiyo ndani ya tendo lenyewe.

Kwa mtu ambaye alitaka kufasiria Biblia, hilo halikuwa jambo la mchezo. Kumkimbia Mungu na kumkimbilia Mungu ni njia mbili zinazoachana. Kosa la silabi moja lingefundisha watu kinyume cha kile alichokusudia. Na mtu wa kumrekebisha hakuwa mwalimu wa Skoti, bali mwenye lugha: mzee, mama, hata mtoto wa kijiji.

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891, Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapiteni Stairs, waliotumwa kwa faida ya mfalme Léopold II wa Ubeleji. Nchi ya Msiri ikaingizwa katika utawala wa mfalme huyo. Bunkeya ikasambaratika na njaa ikaingia. Watu walitawanyika kila upande, na wengi kati yao walikuwa watumwa waliotoka makabila mbalimbali.

Crawford hakurudi kwao. Baada ya kuhamahama alijenga misioni ya Luanza, kando ya ziwa Mweru, katika Haut-Katanga ya leo. Watu waliotawanyika walikuja kukaa hapo, wakampa jina la Konga Vantu, maana yake mkusanya watu. Mwaka 1896 alimuoa Grace Tilsley, naye akatumika pamoja naye huko.

Kazi ya lugha iliendelea. Agano Jipya katika lugha inayoitwa Luba-Sanga lilikamilika mwaka 1904. Crawford alikaa miaka 22 mfululizo bila kwenda likizo Ulaya hata mara moja. Aliporudi huko mwaka 1911, aliandika buku lenye kichwa Thinking Black, lililotoka mwaka 1912. Ndani yake mna maneno mengi ambayo msomaji wa leo angekataa, maana Crawford naye alikuwa mzungu wa wakati wa ukoloni. Lakini wazo lake kubwa lilikwenda kinyume na wazungu wengi wa wakati ule: mgeni asifundishe kabla ya kujifunza kufikiri katika lugha ya wenyeji.

Alirudi Luanza akaendelea na Agano la Kale. Alikufa hapo hapo tarehe 3 mwezi wa sita mwaka 1926, akiwa na miaka 55. Kidonda kidogo cha mkononi kiliingia sumu na kikamuua. Biblia nzima ilitoka mwaka 1928, naye hakuishika mikononi.

Historia imeshika jina la Crawford. Wale waliomrekebisha kila siku, waliomwonyesha tofauti ya neno moja na lingine, hawatajwi sana. Hata hivyo bila wao hakuna ukurasa hata mmoja ungeandikwa. Wao ndio walikuwa walimu, naye alikuwa mwanafunzi.

Leo mambo yamegeuka. Ni kijana wa Kolwezi anayeketi na daftari mbele ya Kiingereza. Maisha ya Crawford yanaonyesha njia: neno la tendo halifundishwi peke yake. Sawa na vile yeye asingeweza kujua kukimbia bila kujua kukimbilia, mwanafunzi wa Kiingereza asishike look bila wenzake. Look at ni kuangalia, look for ni kutafuta, look after ni kutunza. Akishika tendo bila kineno chake, ameshika nusu tu. Na kazini, fundi aliyeambiwa kutunza mashini akaenda kuitafuta anaweza kuleta hatari.

Kuna na neno kwa wazazi. Katika nyumba nyingi za mjini, watoto wanakulia katika Kiswahili, kiisha wanasukumwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Kisanga kinabaki kwa bibi na babu kule kijijini. Lugha ile ambayo kijana wa Skoti alivuka bahari na kuipa miaka zaidi ya 30 ya maisha yake, mtoto wa Lualaba anaweza kuipata bure, jioni kwa jioni akiketi karibu na bibi yake.