Wayland: Aliyeandika habari za mafuta ya Uganda miaka 80 kabla

WASOMAJI wengi wamesikia habari za bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Wachache wanamfahamu mtu aliyeandika juu ya mafuta hayo mwaka 1925, kabla kisima chochote cha mafuta hakijachimbwa huko.

Huyo ni Edward James Wayland, mjiolojia Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1888. Alifanya kazi Msumbiji na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na mwaka 1919 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, wadhifa alioushika kwa miaka 20.

Kando ya Ziwa Albert alichunguza mahali ambapo mafuta yalichuruzika yenyewe kutoka ardhini. Kwake hizo zilikuwa dalili za hazina iliyofichika chini ya Bonde la Ufa, na ndivyo alivyoeleza katika taarifa yake ya mwaka 1925.

Mwaka 1938 kisima cha Waki kilichimbwa Butiaba hadi kina cha zaidi ya meta 1,200. Dalili za mafuta zilionekana, lakini si kwa kiasi cha biashara. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Pili ilianza, Wayland akastaafu wadhifa wake, na utafutaji ukadorora kwa miongo kadhaa.

Sifa zake nyingi zilitokana na utafiti wa kale. Zana za mawe alizozikuta Ghuba ya Sango, karibu na mpaka wa Tanzania, ndizo zilizoupa jina utamaduni wa Sango. Hata hivyo, kokoto za bonde la mto Kafu, alizodhani kuwa zana za binadamu wa mwanzo, zilikuja kubainika kuwa zilivunjwa na nguvu za asili.

Hivyo sehemu ya yale yaliyompa jina ilianguka, na yale yaliyobaki katika majalada yakasimama. Wayland alifariki dunia mwaka 1966. Miaka 40 baadaye, mwaka 2006, mafuta ya kiasi cha biashara yalithibitishwa katika bonde lile lile.

Tanzania nayo inaijua subira hiyo: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Taarifa ya mjiolojia ni akiba. Taifa lisilotunza majalada yake hulazimika kuanza upya kila mara.