Siti binti Saad na Wenzake: Wimbo Uliotungwa Barazani

Anayepanda kutoka Mazeras kwenda Rabai huonyeshwa kwanza mahali walipokaa Krapf na Rebmann tangu mwaka 1846. Wageni wengi hutosheka na hayo, wakateremka. Lakini wenyeji wa pwani tunajua kwamba Rabai ina habari nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Mwanzoni mwa Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha Rabai na katika vituo jirani vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao wa pwani kulipwa fidia. Walitoka na karatasi mkononi. Karatasi humtoa mtu utumwani, bali haimpi jina wala haiwafungi watu midomo.

Siku hizo, ng'ambo ya maji, katika kijiji cha Fumba kusini mwa Unguja, alikuwako mtoto wa kike aliyekadiriwa kuwa na miaka tisa hivi. Wazazi wake walikuwa wa asili ya bara: baba yake, Saadi, Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Mtoto huyo aliitwa Mtumwa. Ndiye ambaye baadaye ulimwengu wa Waswahili ulimjua kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Safari ya kutoka jina la kwanza hadi la pili ndiyo maisha yake, na makala haya yataka kuonyesha kwamba safari ile hakuisafiri peke yake.

Kazi aliyoikuta nyumbani ilikuwa ya ufinyanzi. Alifinyanga, akachoma, akajitwika vyungu kichwani na kwenda kuvitembeza kwa miguu hadi mjini. Mchuuzi asiyeita hauzi, naye alikuwa na sauti ya kuita. Yasemekana wanunuzi walimtambua kabla hajatokeza njiani. Elimu ya chuoni hakuipata utotoni, wala hakujua kusoma na kuandika. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897 alikuwa msichana mkubwa. Ilipofika mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja.

Wakati huo taarabu ya mjini ilikuwa mali ya wakubwa. Tangu enzi ya Sayyid Barghash ilikuwa burudani ya jumba la mfalme, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1905 ilikuwa imeundwa Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya wanaume waungwana. Mmoja wa watu wa klabu hiyo, Ali Muhammed, aliisikia sauti ya binti huyu akaona isipotee bure. Akamfundisha kuimba kwa Kiarabu na kuyatoa maneno mahali pake. Bi Siti aliyashika yote kwa moyo. Asiyejua kuandika hulazimika kukumbuka, na kumbukumbu yake ikawa ndiyo daftari.

Hapo ndipo walipojikusanya wenzake: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Effandi Talsam aliyekuwa kipofu, na Maalim Shaaban. Walialikwa kuimba katika majumba makubwa ya Mji Mkongwe, naye Bi Siti akiimba hali amejifunika uso. Lakini kazi yenyewe hasa haikufanyika huko. Ilifanyika nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa makuli, wavuvi, wapishi na watu waliotoka mashamba baada ya utumwa kwisha.

Siku hizi mwenye kikundi cha michezo ya kuigiza akisema kwamba anataka waigizaji wabuni mchezo pamoja, badala ya kushikishwa karatasi za maneno, watu hudhani ni mtindo mpya kutoka Ulaya. Nyumbani kwa Bi Siti ndivyo mambo yalivyokwenda miaka ya 1920. Jioni kikundi kilikutana kufanya mazoezi, na mlango haukufungwa. Majirani waliingia na habari zao: nani kafungwa, nani kadhulumiwa kodi ya nyumba, nani kaachwa, karani gani kala fedha za watu. Habari moja ikishika, mmoja alitupa mshororo, mwingine akaujibu, wa tatu akaukosoa vina, na muziki ukatafutwa hapo hapo. Kilichopendeza kilibaki, kilicholegea kilitupwa. Waliohudhuria nao walikuwa majaji, kwa kuwa wao ndio walioyajua mambo, na kicheko chao au kimya chao kilitosha kuwa hukumu.

Mzaha ulikuwa kiungo kikubwa. Wenzake Bi Siti hawakuwa waimbaji na wapigaji tu bali pia wachekeshaji, wakiigiza vichekesho vifupi pamoja na nyimbo. Lahani walizichukua popote, za Kiarabu na za Kihindi, wakazivika maneno ya Kiswahili cha mtaani na mapigo ya ngoma za kwao. Wimbo uliosikika leo ungeweza kusikika wiki ijayo umeongezwa beti, kwa sababu kisa chenyewe kimeongezeka.

Msomaji asidhani kwamba mzaha huo ulikuwa upuuzi. Kisa cha Kijiti kinatosha kuwa ushahidi. Mwanamke mmoja aliyekuja Unguja kutembea kutoka Dar es Salaam alikwenda kwenye starehe pamoja na mwanamume huyo, naye akauawa hali ana mimba. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na wao ndio waliofungwa, kwa kosa la pombe. Mahakama ya Kiingereza ilikuwa imekwisha sema. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala diwani wa kuwasemea. Kikundi cha Bi Siti kikakitia kisa hicho katika wimbo, na wimbo ukasafiri. Hakimu yule amesahauliwa na wengi, lakini kisa chake watu wanakijua mpaka leo.

Mwaka 1928 kampuni ya sahani za santuri iliwachukua Bi Siti na wenzake hadi Bombay kurekodi. Sahani zile ziliuzwa kuliko walivyotazamia wafanyabiashara: kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimenunuliwa zaidi ya 70,000 katika Afrika ya Mashariki. Kwa mara ya kwanza Mswahili aliweza kukaa hotelini Mombasa, Tanga au Lamu akasikia katika santuri lugha yake mwenyewe na mambo yaliyomhusu.

Sifa haikosi hasidi. Wapo waliomkejeli kwa asili yake na kwa sura yake, wakiuliza aliyetembeza vyungu amepata wapi kiti mbele ya wafalme. Jibu lilitoka pale pale barazani, kwa wimbo: kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili. Wenzake hawakumwacha ajibu peke yake. Tusi la mmoja lilikuwa la wote, kama vile wimbo wa mmoja ulivyokuwa wa wote.

Hapa pana jambo la kutafakari. Jina lililokaa katika midomo ya watu ni moja tu, Siti binti Saad, na majina ya Buda, Subeti, Mbaruku na Maalim Shaaban hutajwa na wachache. Si kosa lake. Sauti ndiyo inayosikika kwanza, na mwenye kununua sahani humtaka mwimbaji. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Ukimsifu Bi Siti ukawaacha wenzake na majirani waliomletea habari, umesifu mlango ukaisahau nyumba.

Bi Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu ambacho bado chasomwa, na mwaka 1988 waandishi wanawake wa Tanzania waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Mtoto aliyeitwa Mtumwa akawa jina la heshima kwa wengine.

Vijana wa Rabai, Kilifi na Malindi wanaounda vikundi vya michezo wana mengi ya kuokota hapa. Kisa cha watoro wa 1889 kingali kikisimuliwa na wazee. Pasihitajike kumngoja mwandishi mmoja afungiwe chumbani akiandike chote. Wakae mkekani, wazee wasimulie, vijana wajaribu, anayekosea achekwe bila ya kuvunjwa moyo, na kilichofaa kibakizwe. Wale waliopewa karatasi mwaka ule hawakuulizwa maneno yao. Wajukuu wao wanayo nafasi ya kuyasema.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Siti pamoja na wenzake wote. Amin.