Edward Steere: Sikio Lililotangulia Kalamu

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hupata na hukosa alama kwa kanuni ambazo Edward Steere alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuziweka kitabuni. Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili mwaka 1850, kisha akaiacha kazi hiyo akawa kasisi. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer kuja Afrika katika misheni ya UMCA, na mwaka uliofuata wakafika Unguja.

Alikuta lugha yenye wenyewe, yenye tenzi na maandishi ya hati za Kiarabu. Alikuta pia kwamba Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikwisha kuchapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, akiegemea Kimvita. Kazi hiyo ilimfaa Steere, lakini haikulingana kila mara na yaliyosemwa Unguja. Basi akawa mwanafunzi wa wenyeji. Aliwauliza maneno, akaandika ngano walizomsimulia, na kutokana na usemi wao akatafuta kanuni. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na vijana waliokombolewa utumwani walifunzwa kupanga herufi zake.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili: Swahili Tales, mkusanyo wa ngano, na A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar. Katika hicho cha pili alizipanga nomino kwa viambishi vyake, akaonyesha jinsi nomino inavyotawala kivumishi na kitenzi, na jinsi kirejeshi kinavyoingia ndani ya kitenzi.

Makosa mengi yanayosumbua insha za leo yanagusa mambo hayo hayo. Mwanafunzi huandika kwamba kitabu imepotea, kana kwamba ki- haina kazi nje ya nomino. Mwingine humtaja mtu mwenye alikuja, akaiacha -ye- ya aliyekuja, ilhali mwenye ni neno la kumiliki. Makosa haya hayaponi kwa kukariri jedwali la ngeli peke yake. Huponywa na sikio lililozoea Kiswahili fasaha, na kwa mwandishi kuisoma rasimu yake kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kabla ya kuitoa mkononi.

Steere alirejea Unguja mwaka 1872. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, alianza kujenga kanisa kuu mahali pale pale. Mwaka 1874 alitawazwa kuwa askofu, akaendelea kutafsiri maandiko ya dini yake hadi alipofariki tarehe 27 Agosti 1882. Alizikwa ndani ya kanisa hilo.

Jina la kitabu chake lilikuwa na mpaka: Kiswahili kisemwavyo Unguja. Mpaka huo ulififia baadaye. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji. Lahaja moja ikawa kipimo cha nyingine zote. Tangu hapo mtoto wa Mvita aandikapo ndia badala ya njia, au ndoo badala ya njoo, huenda akahesabiwa sawa na yule aliyevuruga upatanisho wa kisarufi.

Hawa wawili si sawa. Wa pili amevunja kanuni ya lugha yenyewe. Wa kwanza amefuata kanuni ya lahaja yake mahali panapodai usanifu. Wote wawili wahitaji kuelekezwa, lakini asiyetofautisha kosa na lahaja humfunza mwanafunzi kuionea haya lugha ya mamaye. Steere, aliyekuwa mgeni, hakuthubutu kumwambia Mwunguja kwamba amekosea kusema kama Mwunguja. Alisikiliza kwanza, ndipo akaandika. Anayeshika kalamu nyekundu leo angefaa kuanzia hapo.