Frederick Arnot, mtumishi aliyepita njia zetu kwa miguu

 Kwetu Kolwezi miezi ya sita na ya saba ni wakati wa baridi. Mvua imekoma, usiku tunajifunika blanketi mbili, na asubuhi moshi wa majiko unatambaa chini bila kupanda. Hata hivyo ndio wakati mzuri wa kutembea porini. Majani yamekauka, vijia vinaonekana kwa mbali, na mavumbi yanatunza alama za kila kilichopita usiku: kwato ndogo za paa, kucha za kanga, mkokoto wa nyoka. Tunapotoka mjini na vijana wetu kwenda mashambani, tunapenda kuwasimulia habari za mtu aliyevuka nchi hii kwa miguu kabla Kolwezi haijakuwapo.

Frederick Stanley Arnot alizaliwa Glasgow, nchi ya Scotland, mwaka 1858. Alipokuwa mtoto, jamaa yake iliishi Hamilton, mji uleule walimokaa watoto wa David Livingstone, naye akawa rafiki yao. Alimsikia Livingstone mwenyewe akisema habari za Afrika, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Alipokua alijifunza kazi za mikono, maana alijua kwamba huko aendako hakutakuwa na fundi wa kumwita.

Mwaka 1881 alifika Natal, Afrika Kusini. Hakuwa na mshahara wala shirika kubwa nyuma yake. Alipanda kaskazini hadi kwa mfalme Khama, akaingia jangwa la Kalahari, na huko kiu ilikaribia kumwua pamoja na wenzake. Waliowaokoa ni wenyeji wa jangwa, waliojua mahali ambapo maji yamejificha chini ya mchanga. Mmisionari aliyekuja kuwapa watu uzima alipewa kwanza uzima na watu hao. Tusilisahau jambo hilo.

Kisha alikaa Barotse kwa mfalme Lewanika, akafundisha wavulana wachache huku homa ikimrudia mara kwa mara. Mwaka 1884 alielekea magharibi hadi Benguela, pwani ya Atlantiki. Mwaka uliofuata akageuka tena kuelekea bara. Alipita katika nyanda za juu ambako mito inagawanyika, mingine ikishuka Zambezi, mingine ikishuka Lualaba. Akavuka Lualaba, na tarehe 14 Februari 1886 akafika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, ambao leo uko katika jimbo letu. Watu walimwita Monare.

Msiri alitoka upande wa Tabora, na kwa njia yake misafara ya mashariki, na Kiswahili pamoja nayo, ilifika huku. Bunkeya ilikuwa mahali ambapo njia za bahari mbili zilikutana. Wanyama walikuwa wengi katika nchi ile: tembo, punda milia, pofu, palahala. Lakini katika vijia vilevile vyenye kupendeza walipita watu waliofungwa minyororo, na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwao. Arnot hakuangalia uzuri wa nchi tu na kuyafumba macho mbele ya watu hao. Alipokea watoto walioachwa au waliopokonywa na biashara ya utumwa, akawalea nyumbani mwake. Kwake Injili ilianza hivyo, kwa chakula, kitanda na jina la kuitwa.

Mwishoni mwa 1887 alipata wenzake wawili, Swan na Faulknor. Mwaka 1888 alirudi Uingereza, akaeleza safari zake mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, na mwaka 1889 akachapisha kitabu juu ya Garenganze, kama nchi hii ilivyoitwa. Mwaka huohuo alimwoa Harriet Fisher, wakarudi Afrika pamoja. Alifariki Johannesburg mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 55, mwili umechoshwa na homa.

Tuseme kweli yote. Arnot aliandika pia kuhusu shaba ya Katanga, ingawa hakuwa wa kwanza. Nyuma ya wasafiri na wamisionari walikuja wenye bunduki. Msiri aliuawa Desemba 1891, na baadaye makampuni yakaja. Njia iliyofunguliwa kwa nia njema, wengine waliitumia kwa nia nyingine.

Leo vijia vyetu vingi vinaishia kwenye uzio wa mgodi. Vijana wetu wengi hawajawahi kumwona punda milia, ingawa mbuga ya Upemba haiko mbali sana. Miti ya miombo inakatwa kwa ajili ya makaa, mioto ya kiangazi inateketeza viota, na Musonoie, mto unaopita kati ya migodi, unaingia Lualaba. Na Lualaba, ndugu zetu wa Kindu na Kisangani, ndio mto mnaokunywa na kuvua samaki wenu. Tunachokitupa huku kinaelekea kwenu. Tunaungama hilo kama kosa letu pia, si la wenye mashine tu.

Basi tunafanya nini? Tumeanza na madogo: kutembea na watoto wakati wa baridi na kuwafundisha majina ya miti na ndege, kutochoma majani ovyo, kutonunua nyama ya mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria, na kuwatazama wachimbaji wadogo tunaokutana nao njiani kama watoto wa mtu, maana wengine kati yao wangepaswa kuwa shuleni.

Kufurahia kazi ya mikono ya Mungu ni ibada, lakini Arnot anatukumbusha kwamba furaha hiyo haijakamilika mpaka tumemwona pia yule aliyechoka kando ya njia. Ninyi wa Kivu, Ituri na Maniema mnajua njia ambazo leo watu wanapita wakikimbia, si wakitembea. Tunawaombea. Nanyi mtuombee, ili mto unaotuunganisha ufike kwenu ukiwa safi. Amina.