Mbegha: Mkuki Uliotoka Nguu Ukajenga Ufalme Usambara

Silaha si chuma tu. Kule Japani, upanga ni mojawapo ya hazina tatu takatifu za mfalme wao, na mhunzi wa jadi hujitakasa kabla ya kuufua. Sisi wa Handeni na Korogwe hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hilo. Tunaye Mbegha.

Mbegha alizaliwa Nguu, katika milima ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa ndani ya wilaya yetu ya Handeni na leo iko Kilindi. Masimulizi yanasema alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Watu wa zamani waliamini kigego huleta mikosi. Wazazi wake walipofariki, ndugu walimnyima urithi na kutaka kumuua. Akakimbia na mikuki yake, mbwa wake na dawa zake za uwindaji.

Huko alikokimbilia alipata rafiki, mtoto wa mkubwa wa nchi. Wakiwa mawindoni, nguruwe pori akamuua kijana yule. Mbegha akaogopa lawama, akakimbia tena, safari hii akapanda milima ya Usambara.

Wasambaa walimkuta porini akichoma nyama. Mkulima yeyote anayekesha shambani kwa ajili ya nguruwe ataelewa kwa nini walimpenda. Aliwaua wanyama waharibifu, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Wakaanza kumpelekea na magomvi yao ayaamue.

Wazee wa Vuga waliposikia habari zake, wakamwita. Njiani usiku akamuua simba. Tangu hapo mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene, na ukoo wake ukawa Wakilindi. Hayo yalikuwa katika karne ya 18. Kitukuu chake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi karibu mwaka 1862. Baadaye Abdallah bin Hemedi aliyaandika masimulizi haya katika Habari za Wakilindi.

Sisi tunajifunza hili: mkuki wa Mbegha haukupewa heshima kwa sababu ya kuua watu. Uliheshimiwa kwa sababu ulilinda mashamba na kulisha wenye njaa. Na aliyeushika ni mtoto ambaye kwao walimwona mkosi.

Msikilizaji, kama babu yako ameuweka mkuki wa zamani nyumbani, muulize leo ulimlinda nani.