Arnold Theiler: Daktari wa mkono mmoja aliyeisoma ndigana kali

Mfugaji wa Ikungi au Mkalama mkoani Singida akikuta tezi ya ndama imevimba chini ya sikio, roho inamruka. Huenda ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Kimelea chake kinaitwa Theileria, na jina hilo ni la mtu.

Arnold Theiler alizaliwa Uswisi mwaka 1867, akasomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1891 akahamia Afrika Kusini. Pesa hana, wateja hana. Akaingia kazi ya shamba, mashine ya kukatia majani ikamkata mkono. Wengine wangerudi kwao. Yeye akabaki.

Miaka ya 1901 na 1902 ng'ombe walianza kufa kwa wingi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ugonjwa ulikuwa umefika kwa meli, pamoja na ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki. Robert Koch, bingwa wa Ujerumani, alishaviona vimelea hivyo Dar es Salaam, akadhani ni vya ugonjwa mwingine. Theiler ndiye aliyeonyesha tofauti.

Aliona pia kwamba ng'ombe aliyepona haugui tena. Akajaribu kuwachanja wazima kwa tishu za wagonjwa. Wengi walikufa.

Kumbe kimelea hiki hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, kingamwili haziwezi kukifikia. Wauaji wake ni seli T. Ng'ombe akipona, nyingi ya seli hizo hufa, chache hubaki na kumbukumbu: nyingine huzunguka kwenye damu tayari kwa vita, nyingine hutulia kwenye matezi, adui akirudi zinazaliana upesi. Chanjo ya leo, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, inafuata njia hiyohiyo: vimelea hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini siku moja. Ng'ombe anaugua kidogo tu, na mwili unajifunza.

Theiler alianzisha taasisi ya Onderstepoort mwaka 1908, akafariki London mwaka 1936. Mwanawe Max, mzaliwa wa Pretoria, ndiye aliyetengeneza chanjo ya homa ya manjano, akapata Nobel mwaka 1951. Watafiti wamezikuta seli T za kumbukumbu za chanjo hiyo kwa watu waliochomwa sindano moja zaidi ya miaka 20 nyuma.