Frank Oppenheimer: Mwalimu Aliyefunza Jaani

Jina la Oppenheimer litajwapo, wasomi aghalabu humkumbuka Robert, aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Mdogo wake, Frank, hatajwi sana. Hata hivyo, mintarafu ya elimu, naona yeye ndiye anayestahili kuchunguzwa na walimu wetu.

Frank alizaliwa New York mwaka wa 1912, akasomea fizikia, akashiriki katika mradi uo huo wa bomu. Mnamo 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwaandama wakomunisti. Alikiri kuwa aliwahi kuwa mwanachama, lakini akakataa katakata kuwataja wenzake. Ukweli huo ulimgharimu kazi yake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na vyuo vingine navyo vikamfungia milango. Yeye na mkewe wakahamia Pagosa Springs, Colorado, wakafuga ng'ombe.

Mnamo 1957 shule ya upili ya mji huo mdogo ilimwajiri. Maabara ya kuringia hakuwa nayo. Basi akawapeleka wanafunzi jaani, penye mabaki ya magari, nao wakajifunza nguvu, joto na umeme kwa kuchokoachokoa vyuma vilivyotupwa. (Wapo walimu wa kwetu ambao wangeona haya kuonekana jaani na wanafunzi wao!)

Baadaye alizuru makumbusho ya sayansi ya Ulaya, na mwaka wa 1969 akafungua yake, Exploratorium, jijini San Francisco. Humo mgeni hakukatazwa kugusa, bali alitakiwa aguse, azungushe, akosee na ajaribu tena. Karakana iliwekwa peupe ili watu waone vifaa vikiundwa. Wasanii nao walialikwa kufanya kazi humo, madhali Frank aliamini kwamba mchoraji na mwanafizikia wote huanza kwa kutazama vizuri.

Lililonivutia zaidi ni waelezaji wake. Hawakuwa maprofesa, bali vijana wa shule za upili waliolipwa ujira. Kijana aliyejifunza jambo juzi alimpasulia mgeni jicho la ng'ombe na kumwonyesha lenzi. Wanafunzi wetu, kinyume chake, wazurupo makumbusho hupangwa foleni na kupitishwa mbele ya vioo, daftari mkononi, wakinakili maelezo wasiyoyaelewa. Sijui kwa nini tunaiita hiyo ziara ya elimu.

Frank alifariki mwaka wa 1985. Makumbusho yake yalihamia gatini mnamo 2013, na waelezaji vijana wakahama nayo.